Kimya cha Ng'ambo: Usawiri wa Msomi Aendaye Nje katika Nathari ya Kiswahili

Utangulizi

Suala la msomi aliyekwenda kusoma ng'ambo limejadiliwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ya Kiafrika, na aghalabu limejadiliwa kama suala la kurejea. Mhakiki huuliza msomi huyo amerudi na nini, amerudi mkombozi au msaliti, na jamii iliyomtuma imempokeaje. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, yamefunika swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili: katika ile miaka mitatu, mitano au saba aliyokaa huko, msomi huyu aliishi vipi? Alilala wapi, alizungumza na nani, alisoma nini, na usiku alipofunga vitabu vyake alijiona kuwa nani?

Makala haya yanadai kwamba nathari ya Kiswahili, katika kazi zake kadhaa muhimu, humsindikiza msomi hadi bandarini na kumlaki siku ya marejeo, lakini huiacha miaka ya katikati karibu tupu. Utupu huo unastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kilichoandikwa, kwa kuwa kimya nacho kina historia yake. Kitatazamwa kwanza katika mapokeo ya safari ya elimu ya Waswahili, kisha katika usawiri wa wahusika wa Shaaban Robert, Adam Shafi na Ken Walibora, na hatimaye katika uhusiano wa Waswahili na vyuo vya wageni tangu mwisho wa karne ya 19. Ushairi, ambao una njia zake za kusema yasiyosemwa na nathari, umeachwa nje ya mjadala huu.

Safari ya Elimu katika Mapokeo

Kwenda mbali kutafuta elimu si jambo lililoletwa pwani na wakoloni. Usemi kwamba elimu itafutwe hata Uchina umekuwa vinywani mwa Waswahili kwa muda mrefu, na wanazuoni wao waliutekeleza kwa vitendo. Mfano ulio wazi ni Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861-1925), mzaliwa wa Visiwa vya Ngazija aliyekuja kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja. Katika kutafuta elimu alifika Hadhramaut, Istanbul, Cairo na Makka.

Mwanazuoni wa aina hii alipokumbukwa, alikumbukwa kwa utaratibu maalumu. Yalitajwa majina ya mashekhe aliosoma kwao, vitabu alivyovidurusu, na ijaza alizopewa za kuvifundisha kwa wengine. Ijaza ilimfanya kuwa pete moja katika mnyororo mrefu wa elimu, na kilichotiliwa mkazo ni kuwa mnyororo haukukatika. Iwapo aliugua homa ugenini, au aliona haya kwa lahaja yake ya Kiarabu, au alikaa mwezi mzima bila kupata barua ya mama yake, hayo hayakuwa na nafasi katika utanzu wa namna hiyo. Msafiri alipimwa kwa alichokibeba aliporudi.

Ngano za Kiswahili zina muundo unaoshabihiana na huo. Shujaa hutoka, hupambana na majaribu, hurudi na kitu cha kuwafaa watu wake. Majaribu hayo husimuliwa kwa kirefu, lakini husimuliwa kama vizingiti vya kuvukwa, na nchi ya ugeni hubaki kuwa pahali pa kupita. Kwa hivyo riwaya ya Kiswahili ilipoanza kumsawiri msomi wa kisasa, ilikuwa tayari imerithi aina mbili za masimulizi zilizokubaliana kwamba maana ya safari hukaa mwisho wake.

Mhusika Anayerejea

Urithi huu unaonekana bayana katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Kila mjumbe alirudi na mapendekezo, na kila mmoja akalipwa kifungo. Wahakiki wengi wameiona riwaya hii kama istiari ya utawala wa kikoloni na utetezi wa uhuru wa kusema, na hawakukosea. Pamoja na hayo, inaweza kusomwa pia kama andiko la mapema katika riwaya ya Kiswahili kuhusu msomi aliyetumwa nje kwa manufaa ya nchi yake na kuadhibiwa kwa kutimiza alichotumwa.

Mtu anaweza kupinga dai la makala haya kwa kusema kwamba Shaaban Robert hakuiacha tupu miaka ya katikati, kwa kuwa taabu za njiani na mambo ya nchi zile yamesimuliwa. Ni kweli yamesimuliwa, lakini kwa umbo la taarifa. Mjumbe anaona jinsi nchi ya wengine inavyoendeshwa na anapima lipi lifae kwao. Yeye mwenyewe ni jicho na mdomo tu. Msomaji hamjui mjumbe aliyekaribia kusahau nyumbani, wala aliyependa asikotarajiwa kupenda. Isitoshe, habari zao zinatolewa na wakili mahakamani, na zimechujwa kwa haja ya kesi. Sauti ya mwenda ng'ambo inasikika kupitia kwa mtetezi wake, na mtetezi ana sababu nzuri ya kutotaja udhaifu wowote wa mteja.

Takribani nusu karne baadaye, Adam Shafi katika Vuta N'kuvute (1999) anatuletea Denge, kijana wa Unguja ya kikoloni aliyesoma Urusi. Denge ni mhusika aliyejengwa kwa ustadi. Mapenzi yake na Yasmin, harakati za siri, na macho ya Inspekta Wright yanayomwandama kila aendapo vimefungamanishwa kwa namna inayoifanya siasa iwe jambo la mwili na la nyumba. Lakini Urusi ya Denge iko wapi? Iko katika mashaka ya wakoloni na katika msimamo wake. Ni chanzo cha itikadi, na kwa watawala ni chanzo cha hatia. Kijana aliyetoka katika kisiwa cha joto na kuishi katika majira ya baridi ya Urusi, akajifunza lugha ngeni hadi kuweza kusomea somo lake kwa lugha hiyo, angekuwa na mengi ya kusema kuhusu tofauti kati ya ujamaa wa vitabuni na wa foleni za dukani. Uzito wa riwaya haukuwekwa huko.

Urusi hiyo inarudi tena katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, kupitia kwa Madhubuti, mwana wa Mtemi Nasaba Bora. Madhubuti anarejea kutoka masomoni na kuyakataa manufaa yanayotokana na ufisadi wa babake, akashirikiana na Amani katika kudai haki. Jina lake linatangaza tabia yake. Walibora anahitaji kijana aliyelelewa katika nyumba ya mtemi lakini asiyeambukizwa na maovu yake, na umbali wa masomo unamfaa kwa kazi hiyo: Madhubuti alikuwa mbali, kwa hivyo yu safi. Hapa ng'ambo imekuwa kama josho. Mtu huingia akiwa mwana wa dhalimu na kutoka akiwa mtetezi wa wanyonge, na maji yaliyomwosha hatuyaoni.

Tukiwaweka pamoja wajumbe wa Kusadikika, Denge na Madhubuti, tunapata mhusika mmoja katika nyakati tatu. Ni mwema, amerudi, na wema wake unahusishwa na kule alikotoka. Tofauti zake ni za adui anayemkabili: baraza la madhalimu wa kubuni, dola ya kikoloni, kisha mtemi wa baada ya uhuru. Mhusika huyu ameifaa fasihi ya Kiswahili kama kipimo cha kulipimia taifa. Gharama yake ni kwamba yeye mwenyewe hapimwi.

Kazi inayokaribia zaidi kuuvunja mtindo huu ni Mbali na Nyumbani (2013), masimulizi ya kitawasifu ya Adam Shafi huyo huyo kuhusu safari ya ujana wake kutoka Unguja kwenda kutafuta elimu Ulaya, akipitia Kenya, Uganda na Sudan hadi Misri. Humu mna njaa, hofu, mipaka, na ukarimu wa watu asiowajua. Msafiri hana jina la kuashiria wema, na mara nyingi hajui kesho yake. Uhai wa kitabu hiki unathibitisha kwamba nathari ya Kiswahili ina uwezo wa kuikaa nchi ya ugeni pasipo kuharakisha kurudi. Hata hivyo, ni kitabu cha njiani. Ndoto ya Amerika (2001) ya Walibora, iliyoandikiwa vijana, nayo inashughulikia shauku ya kwenda. Tuna basi shauku ya safari, tuna njia yenyewe, na tuna marejeo. Chumba cha mwanafunzi bado kimefungwa.

Chuo cha Wageni na Ruhusa ya Kusema

Mapokeo peke yake hayatoshi kukieleza kimya hiki. Mapokeo hubadilika pale waandishi wanapokuwa na haja, na waandishi kadhaa wakuu wa Kiswahili walisoma ng'ambo. Sababu ya pili inapaswa kutafutwa katika chuo chenyewe cha wageni, na katika kile ambacho chuo hicho kilimtaka Mswahili aseme.

Mwanzo wa uhusiano huo una kinaya. Miongoni mwa Waswahili wa kwanza kuishi katika mazingira ya chuo kikuu cha Ulaya walikuwa walimu, wala hawakuwa wanafunzi. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Amur bin Nasur kutoka Unguja alifundisha Kiswahili huko kuanzia 1891 hadi 1895. Maelezo yake kuhusu maisha yake na mji wa Berlin yalichapishwa katika mkusanyiko wa C. G. Büttner mwaka 1894. Ni jambo la kutia fikira kwamba katika nathari ya Kiswahili, mtu aliyeutazama mji wa wageni kwa jicho pevu la mkaaji alifanya hivyo kabla ya karne ya 20 kuanza, na kwamba mlango alioufungua haukupitwa na wengi baada yake.

Mfano wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo la Bagamoyo, unaeleza kwa nini. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha katika Seminari hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, imetokana na kalamu yake. Kitabu hicho kinaeleza kuzaliwa, jando, ndoa, ngoma, utumwa na mazishi ya pwani kwa utondoti ambao hadi leo wanahistoria na wataalamu wa fasihi simulizi wanautegemea. Berlin aliyokaa Mtoro haimo. Alioa mke Mjerumani mwaka 1904, na walipojaribu kurudi Afrika Mashariki mwaka 1905 serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliwakatalia kushuka melini. Alirudi Ujerumani, akafundisha Hamburg, na kufariki Berlin mwaka 1927. Mtu huyu alikuwa na kisa ambacho riwaya ya Kiswahili haijakiandika: msomi aliyetaka kurejea akanyimwa nchi yake mwenyewe. Lakini wataalamu wa Ulaya walimhitaji kama shahidi wa mila za pwani. Kuhusu pwani walimsikiliza kwa makini. Kuhusu Ujerumani walijiona hawana la kujifunza kutoka kwake.

Hapa ndipo kiini cha hoja ya makala haya kilipo. Chuo cha wageni kilimpa Mswahili ruhusa ya kusema, na ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka: aseme habari za kwao. Mpaka huo haukuondoka pamoja na bendera za kikoloni. Ebrahim Hussein alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Berlin Mashariki katika miaka ya 1970, tasnifu yake ilihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Euphrase Kezilahabi alipohitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, tasnifu yake ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Hakuna ubaya katika mada hizo, na pengine wenyewe wasingetaka nyingine. Suala ni la utaratibu. Mwanafunzi wa Kiafrika alivuka bahari ili akaelezee alikotoka mbele ya watu ambao nchi yao wenyewe hakuombwa kuieleza. Akizoea kuitumia ng'ambo kama meza ya kuandikia habari za nyumbani, si ajabu kwamba meza yenyewe haonekani kuiona.

Linganisho na fasihi nyingine za bara linaweza kulithibitisha hili. Katika L'Aventure ambiguë (1961) ya Cheikh Hamidou Kane wa Senegal, Samba Diallo anasoma falsafa Paris, na sehemu nzima ya riwaya inakaa huko, katika mazungumzo na mitaa ambamo imani yake inadhoofika. Kifo chake baada ya kurejea kina uzito kwa sababu msomaji amemwona akipotea hatua kwa hatua. Katika riwaya ya Msudani Tayeb Salih, Mawsim al-Hijra ila al-Shamal (1966), msimulizi amerudi kijijini baada ya miaka saba Ulaya, ambako alitafiti maisha ya mshairi wa Kiingereza asiyejulikana sana. Jambo hilo linatajwa kwa kejeli na upesi, lakini lina maana kubwa: huyu ni Mwafrika aliyewatafiti wao. Riwaya inayomruhusu msomi wake kuwageuza wenyeji wa Ulaya kuwa mada ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuingia katika chumba cha Mustafa Sa'eed mjini London na kusimulia yaliyotendeka humo.

Inaweza kusemwa kwamba Kezilahabi naye aliingia, ila kwa mlango mwingine. Katika Nagona na Mzingile (1991), riwaya zilizofuata masomo yake ya Marekani, msafiri mpweke anapita katika mahali pasipo ramani, na wanafikra wa Magharibi wanajitokeza kana kwamba ni watu wa kukutana nao njiani. Wahakiki wamezisoma riwaya hizi kwa nadharia za udhanaishi na za usasa-baadaye, na wengine wamelalamika kuwa ni ngumu. Pendekezo la makala haya ni kwamba zisomwe pia kama nathari ya mtu aliyekaa muda mrefu peke yake kati ya vitabu vya wengine. Si tawasifu, na hakuna haja ya kutafuta ndani yake mitaa ya Madison. Lakini upweke ule na mazungumzo yale na wafu wa maktaba ni hali ambayo mwanafunzi yeyote wa ng'ambo angeitambua. Yaliyokosa nafasi katika maudhui huenda yalipata nafasi katika fani.

Je, Ni Tatizo la Lugha?

Pingamizi moja hutolewa mara kwa mara. Husemwa kwamba maisha ya mwanafunzi wa ng'ambo huishiwa kwa Kiingereza, Kirusi au Kijerumani, na kwamba kuyasimulia kwa Kiswahili ni kuyatafsiri. Pingamizi hili halina mashiko ya kutosha. Msamiati upo: tasnifu, mhadhara, msimamizi, bweni, hati ya kusafiria, theluji na karo ni maneno ya kawaida kwa wasomaji wa leo. Amur bin Nasur aliandika kuhusu Berlin bila hata nusu ya maneno hayo.

Pingamizi zito zaidi linahusu msomaji na soko. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya imekuwa ikitegemea sana orodha ya vitabu vya kutahiniwa shuleni, na mtahini hupenda mhusika anayetoa funzo. Mwanafunzi anayeosha vyombo hotelini usiku ili alipe karo, anayewadanganya wazazi kwa barua kwamba yote ni shwari, anayeamua hatimaye asirudi, si mhusika rahisi kutungiwa swali. Matokeo ni kwamba tajiriba hii, inapoandikwa na Wakenya, huandikwa kwa Kiingereza. Ndege iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, ilifungua njia kwa mamia wengine katika miaka michache iliyofuata. Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960, ameeleza miaka yake ya chuo huko Kansas na Pittsburgh katika Unbowed (2006). Msomaji wa Kiswahili hana kitabu cha kukilinganisha nacho katika lugha yake. Ameachiwa lugha ya kuaga na ya kulaki, na ile miaka yenyewe inasimuliwa kwa lugha ya wenyeji wa huko.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kimya cha ng'ambo katika nathari ya Kiswahili kimejengwa na mambo matatu yanayosaidiana: mapokeo yanayompima msafiri kwa alichorudi nacho, chuo cha wageni kilichomtaka azungumzie kwao, na soko la vitabu linalopendelea mhusika wa kufunza.

Athari zake hazikomei vitabuni. Jamii inayomjua msomi wa ng'ambo kama mkombozi au msaliti tu humwekea matarajio ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyabeba, na humnyima maneno ya kuyaeleza yaliyomfika. Anayerudi bila shahada, anayerudi mgonjwa wa akili, anayebaki huko kwa aibu, na anayebaki kwa sababu amependa, wote hawana pa kusimama katika fasihi inayotambua marejeo ya heshima peke yake. Familia zao hali kadhalika hazina kisa cha kuwafariji, maana kisa chao hakijawahi kusimuliwa kwa lugha wanayoliliana.

Wahakiki wana wajibu hapa sawa na watunzi. Maelezo ya Amur bin Nasur na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanastahili kufundishwa kama fasihi, na si kama vyanzo vya historia na ethnografia pekee. Nagona inastahili kusomwa upya kwa kuzingatia mahali mwandishi wake alipotoka kuishi. Na mwanafunzi wa uzamili atakayeandika tasnifu kuhusu Denge au Madhubuti, baada ya kujadili waliyoyatenda waliporudi, hana budi kuuliza kuhusu ile miaka ya Urusi: nani aliiishi, na kwa nini msimulizi hakutaka kutupeleka huko?